Nadra Gani?

Jumamosi asubuhi duka la dawa la Mkunazini lilijaa watu mpaka barazani. Nadra Turki, amevaa buibui na mtandio wa zambarau, aliinua macho akamkuta mbele yake askari mwenye kombati zilizopigwa pasi vizuri na nyusi iliyopasuka.

"Naomba plasta."

"Sikuuzii. Hiyo ya kushonwa. Nani kakupiga hivyo, afande?"

"Ukimwona yeye, mimi utanisahau."

Foleni nzima ilicheka. Nadra alijizuia, akashindwa.

Huyo ndiye Ubwa Jecha, koplo wa jeshi na bondia wa ngumi za kulipwa. Siku zake zilikuwa za kambi, na ruhusa zake zote alizimalizia ulingoni. Kila pambano lilitaka barua ya kibali, nayo haikutoka mpaka daktari wa kambi asaini kuwa yeye ni mzima. Walipopendana, Nadra alivumilia simu za dakika mbili kabla ya gwaride na miadi iliyovunjwa kwa sababu ya zamu. Kilichomshinda ni zile ngumi. Kwa hivyo wiki ya posa alimtaka aahidi kuziacha.

"Nshaacha, mpenzi," Ubwa alisema kwenye simu. "Kichwa hiki sasa chako."

Mwanamme akipenda huahidi upesi. Wakati akisema hayo, alikuwa ameshasaini pambano jengine.

Ijumaa baada ya sala aliitwa Malindi, nyumbani kwao Nadra, kula chakula cha kwanza cha mkwe. Bi Sheikha, mama yake Nadra, alikuwa jikoni tangu alfajiri. Ubwa aliingia na kanzu iliyompwaya, mashavu yamebonyea. Kawa lililofunika sinia likafunuliwa, biriani likanukia nyumba nzima. Hakugusa.

"Tumbo linanisumbua, mama."

"Basi kunywa maji, mwanangu."

Hata maji aliyarudisha. Jioni ile alikuwa anapimwa uzito kwa pambano la kesho yake, na bado alizidi nusu kilo. Angesema nini, naye alishaapa kuwa ameacha?

Alipoondoka, Bi Sheikha alilirudisha kawa juu ya sinia. Shangazi zake Nadra walikuwa wameuliza babu yake huyo kijana alitoka wapi huko bara, na ni yeye Bi Sheikha aliyewanyamazisha. Sasa alijiona kaaibishwa.

"Mwambie hakuna aliyemlazimisha kuja," alimwambia Nadra.

Siku ya pili mteja mmoja alimtania Nadra dukani kuwa jioni wanakwenda ulingoni kumshangilia mchumba wake. Nadra akatabasamu kwa adabu. Baada ya Magharibi, pambano likiwa limekwisha, alimpigia simu.

"Ubwa."

"Nani?"

"Nadra."

"Nadra gani?"

Nadra akakata. Aliona anafanyiwa kejeli, na kwa siku nne simu ya Ubwa hakuipokea.

Jumatano mchana hodi ikapigwa Malindi. Ubwa alisimama mlangoni, jicho limevimba, mdomo umeshonwa nyuzi tatu.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba," alijibu Bi Sheikha kwa ukavu.

"Nimekuja kula. Ijumaa nilikuwa napunguza uzito, nikaona haya kusema. Nimekukosea."

Bi Sheikha alimtazama sana. Kisha akamwekea wali na mchuzi wa pweza, na pilipili hakupunguza. Ubwa alikula, machozi yakimtoka kwa pilipili kwenye nyuzi za mdomo, hakuacha.

Nadra alikuja akasimama mbele yake. "Ulishinda?"

"Wananambia nilishinda."

"Wanakwambia?"

"Raundi ya sita siikumbuki."

"Na simu yangu?"

"Simu gani?"

Hasira ya siku nne ilimtoka Nadra, na mahali pake ikaingia hofu. Alikaa chini.

"Nilikupigia, Ubwa. Ukaniuliza Nadra gani."

Ubwa aliliweka tonge. Kwa mara ya kwanza alionekana kuogopa.

"Kesho kamwambie daktari wa kambi," Nadra alisema.

"Nikimwambia sipati kibali tena."

"Najua."

"Kambini mimi namba, Nadra. Ulingoni watu wanataja jina langu na la baba yangu."

"Na mimi nataka mume anaelijua langu."

Ubwa aliinuka. Alinawa, akamshukuru Bi Sheikha, akaondoka kuwahi zamu. Alhamisi ilipita bila simu, na Nadra alikosea dawa za watu mara mbili, akazibadilisha kabla hawajatoka mlangoni.

Ijumaa baada ya sala simu ikalia.

"Nshamwambia," alisema Ubwa.

"Kasemaje?"

"Hasaini tena. Nimemaliza."

Nadra alisikia pumzi zikimkatika upande wa pili. Alimwacha alie kwanza, yeye mwenyewe akijifuta kwa ncha ya mtandio. Kisha akauliza taratibu:

"Ubwa, unasema na nani?"

"Na Nadra Turki wa duka la dawa la Mkunazini. Aliyekataa kuniuzia plasta."

"Basi njoo ule," alisema Nadra. "Mama hajafunua kawa."