Aliyeshika Upande wa Juu

Jumanne saa nne asubuhi, boliti ya mwisho ya tangi la maji ilikazwa. Mwanamke aliyeikaza alikuwa chini ya gari, amelala chali juu ya boksi lililokunjuliwa. Aliyeshika kichwa cha boliti hiyo kutoka ndani ya gari hajajulikana mpaka leo.

Gari lenyewe lilikuwa basi dogo kuukuu. Mumewe, dereva wa malori aliyestaafu, alikuwa akiligeuza kuwa nyumba: kitanda nyuma, jiko la gesi pembeni, sinki karibu na mlango, tangi la maji likining'inia chini ya sakafu. Walipanga kuzeekea humo, leo kwa mtoto huyu, kesho kwa yule. Kazi ilikuwa nusu pale kiharusi kilipomwangusha. Kilichukua mkono wake wa kulia na sehemu kubwa ya maneno yake.

Binti yao, aliyeishi mwendo wa siku mbili kutoka hapo, alikuwa na mimba ya kwanza. Mzee alikuwa na ombi moja, na alilitoa kwa taabu, neno baada ya neno: ambebe mjukuu wake kwa mikono yake miwili.

"Basi gari nitalimalizia mimi," mkewe alisema.

Maisha yake yote alikuwa mshonaji. Kuendesha gari alijua, mumewe alimfundisha zamani, lakini spana hakuwahi kuishika. Rafiki wa mumewe tangu ujana, fundi mwenye gereji, aliwapa nafasi uani kwake waegeshe gari na kulala humo, akakubali kumfundisha. Mama alijifunza kupaka silikoni kwenye madirisha yanayovuja. Alijifunza kutafuta gesi inayotoroka kwa kupaka povu la sabuni kwenye bomba. Vijana wa gereji ya jirani walimpachika jina la Bibi Jeki.

"Bibi Jeki! Leo unashusha injini au unaitazama tu?"

"Nitashusha meno yako. Nileteeni koleo, mtu mzima anafanya kazi."

Mumewe alikuwa akikaa kwenye kiti cha plastiki kando ya ukuta, mkono uliokufa umelazwa pajani, akicheka kwa upande mmoja wa mdomo. Yeye alimwita Utingo, kama wanavyoitwa wasaidizi wa malori, tangu siku za uchumba. Kiharusi kilimwachia jina hilo. "U-tingo wangu," alikuwa akisema.

Somo la boliti za sakafuni lilikuwa fupi.

"Shemeji, hii ni kazi ya watu wawili," fundi alimwambia. "Mmoja ndani anashika kichwa cha boliti, mwenzake chini anakaza nati. Ukifanya peke yako boliti nzima inazunguka, utazeekea huko chini. Uliza, 'Umeshika?' Usianze mpaka ujibiwe."

Jumanne ile fundi alishika boliti tatu za kwanza za tangi. Kwa ya nne, mama aliuliza kama kawaida.

"Umeshika?"

"Nimeshika."

Sauti ilikuwa ya mwanamume, nzito, isiyo na haraka. Akakaza. Alipojiburuta kutoka chini ya gari, alimwona fundi getini akibishana na mteja.

"Shemeji, mbona umekimbia hata asante sijasema?"

"Asante ya nini? Mimi niko hapa siku nyingi, huyu bwana ananigombeza kwa klachi aliyoiunguza mwenyewe."

Mumewe alikuwa kitini. Mama alipanda ndani ya gari. Spana ilikuwa imesimama wima juu ya kichwa cha boliti, haijaegemea kitu. Palikuwa na harufu ya breki zilizoungua, katika gari ambalo lilikuwa halijasogea kwa miezi. Alipoigusa, spana ilianguka.

Jioni hiyo, wakati anamlisha mumewe, kidole gumba cha mkono wa kulia kilijikunja.

Hakumwambia mtu. Siku iliyofuata alisubiri fundi atoke kwenda kununua vipuri, akaingia chini ya gari kufunga fremu ya kitanda. Alisikiliza kwanza kama kuna mtu ndani. Kisha akauliza, kwa sauti ya mtu anayejitania mwenyewe, "Umeshika?"

"Nimeshika."

Anayezama hamuulizi jina anayempa mkono. Fremu ya kitanda ilileta vidole vinne. Kibanio cha mtungi wa gesi kilileta kiganja. Viti vya mbele vilileta kiwiko, na baada yake maneno yakaanza kurudi, mazima, yamenyooka. Muuguzi wa kliniki alisifu mazoezi. Vijana wa jirani walikuja kumpa mzee mkono, na mzee akawapa wa kulia. Mmoja wao aliondoka akijisugua vidole.

"Mzee ana nguvu huyo! Nusura anivunje."

Kisha sauti ikaanza kujibu kabla haijaulizwa.

Mama alikuwa akiosha vyombo kwenye sinki, mchana, jua likiingia dirishani, aliposikia chini ya nyayo zake, kutoka upande wa chini wa sakafu ambako hapakuwa na mtu: "Nimeshika." Aliinama akachungulia chini ya gari. Palikuwa na boksi lake, na juu ya boksi palikuwa na bonde la mgongo, refu kuliko mgongo wake. Siku nyingine alisikia nati zikizunguka zenyewe, krr, krr, taratibu, zikizidi kukaza kitu ambacho tayari kilikuwa kimekazwa, na sakafu ikilia kwa kubanwa. Mumewe alikuwa amelala usingizi wa adhuhuri, na mkono wake wa kulia ulikuwa juu ya shuka ukizunguka kwa mwendo uleule, nusu mzunguko, kupumzika, nusu mzunguko, kupumzika, na kila nati ya chini iliponyamaza na mkono nao ulinyamaza, na harufu ya breki ikajaa chumba mpaka ikabidi afungue madirisha yote aliyoyaziba kwa mikono yake.

Alimgusa bega amwamshe. Mkono ulimdaka kifundo cha mkono na kukibana, mumewe bado amefumba macho, na mama alivuta na kuvuta mpaka akapiga magoti kando ya kitanda. Ulipomwachia, ngozi yake ilikuwa na alama za vidole vitano vyeusi vya oili. Akakitazama kiganja cha mumewe. Kilikuwa safi.

Jioni akakaa mbele yake. Jambo lililomkosesha raha kuliko yote lilikuwa dogo: maneno yote yalikuwa yamerudi, ila Utingo lilikuwa limepotea.

"Baba," alimwambia kwa kunong'ona, "mimi ni nani wako?"

Mume alimtazama kama mtu anayesoma kibao cha barabarani.

"Wewe ndiye wa chini," akasema.

Asubuhi mama alimwendea fundi, akamweleza yote akiwa amejikunja kwenye tairi kuukuu, akiongea chini chini ili gari lisisikie. Fundi hakucheka. Alichukua spana, akachomeka bomba refu kwenye mpini ili apate nguvu, akaenda kufungua nati ya kitanda. Bomba lilipinda. Nati haikusogea.

"Hii umekaza wewe? Kwa mikono hiyo ya sindano?"

"Mimi nilikuwa namalizia tu, shemeji."

"Basi hapa mimi naishia kwenye gia na injini. Namwita shangazi."

Shangazi yake fundi alikuwa mwanamke mfupi mwenye sifa ya kutoa majini na ulimi usio na breki. Alifika na beseni lake kwapani. Aliitazama ngazi ya gari akaikataa.

"Magoti yangu haya nimepewa mawili tu. Niwekeeni kiti hapo nje." Akamgeukia mama. "Ulimkaribisha mwenyewe?"

"Sikujua, Shangazi."

"Mara ya kwanza hukujua. Nakuuliza za baadaye."

Mama akavuta mkono wa ovaroli ukafunika alama za vidole.

"Haya. Wengine hutoka kwa moshi, wengine kwa kusomewa. Huyu ameshika kazi, hatoki mpaka kazi ifunguliwe. Kila boliti aliyoishika yeye, uifungue wewe uliyeikaza, uilete humu kwenye maji ya chumvi. Yote aliyompa mzee atayachukua. Ukimwachia hata moja, hatabaki kwenye chuma, atahamia kwa mtu. Umenielewa, binti?"

Kabla hajajibu, simu ililia mfukoni mwa ovaroli. Ilikuwa ni binti yake, analia na kucheka. Amejifungua salama, mtoto wa kike. "Mama, mje upesi. Baba bado anataka kumbeba?"

"Anataka," mama alisema, akakata simu.

Kazi ilianza baada ya saa sita. Fundi alikaa ndani akishika vichwa vya boliti, shangazi nje kando ya tairi akisoma aliyoyasoma, mama chini. Nati iliyopinda bomba ilifunguka kwa vidole vyake, kama kifuniko cha chupa. Kila boliti ilipotumbukia kwenye beseni ililia chss na kutoa mvuke. Za viti zilipotoka, mzee kitandani aliacha kuongea. Za mtungi wa gesi zilipotoka, kiganja kilifunguka. Za kitanda zilipotoka, fundi alisema, "Mkono umelala, shemeji. Umelala kabisa."

Ilibaki moja, ile ya tangi, ya Jumanne. Maji yalikuwa yamekuwa meusi. Shangazi akamwamuru fundi akayamwage nje ya geti na kulijaza beseni upya.

Mama akabaki peke yake chini ya gari, na ndipo aliposikia kitu kizito kikishuka kitandani na kuburutwa juu ya sakafu, mburuto mmoja na kimya, mburuto mmoja na kimya, kikipita juu ya miguu yake, juu ya tumbo lake, juu ya kifua, vumbi likimwagika kutoka kwenye matundu yaliyoachwa na boliti, mpaka mwanga wa tundu lililokuwa mbele ya macho yake ukazibwa, na katika tundu hilo, pana kama kidole, akaona midomo ya mumewe imebanwa kwenye sakafu, na pumzi iliyotoka hapo ilikuwa na harufu ya breki.

"U-tingo," midomo ilisema. "Utingo wangu."

Mama alivuta mkono kutoka kwenye nati.

"Niachie hii moja."

"Wewe ni nani?"

"Mtoto," ikasema. "Nitambeba kwa mkono gani?"

Nje, maji yalisikika yakimiminwa kwenye beseni. Mama alikuwa na boliti mpya mfukoni, ya kipimo kilekile, ambayo haikuwahi kufungwa popote. Aliifumbata kiganjani mpaka ikapata joto la mwili. Alisikia fundi akipanda gari na kuguta, "Astaghfirullah, mzee ameanguka!" kisha akimbeba kumrudisha kitandani.

"Shemeji, nije nishike hii ya mwisho?"

"Usihangaike. Ilikuwa imelegea. Imeshatoka."

Alijiburuta nje akaitumbukiza boliti mpya kwenye beseni. Ilizama kimya.

Shangazi aliyatazama maji. "Ndiyo yenyewe?"

"Ndiyo yenyewe, Shangazi."

"Mimi nimesikia ulivyosema," shangazi alisema. Akamwaga maji, akafuta beseni kwa kanga, akaondoka bila kuaga.

Siku mbili zilizofuata mama na fundi walifunga boliti mpya mahali pa zilizotolewa, fundi akishika juu. Harufu haikurudi. Sakafu haikulia. Mzee alilala kama alivyokuwa zamani, mkono pajani, maneno machache, na mara mbili alimwita mkewe Utingo. Fundi anakumbuka kwamba kwenye tangi la maji alishika boliti tatu tu, za Jumanne ile, na safari hii hakuitwa kushika ya nne. Tangi lina boliti nne. Anasema aliziona zote zimekazwa, na hakuuliza.

Ijumaa asubuhi gari lilitoka uani, mama kwenye usukani. Vijana wa jirani walipiga miluzi na kumfungulia geti.

Jumapili jioni binti alimpigia fundi simu kumshukuru. Alisema wamefika salama na gari halikusumbua njiani. Mama amechoka, amekaa nje kwenye gari na hataki kuingia ndani. Baba anaendelea vizuri ajabu. Amembeba mtoto tangu asubuhi, kwa mkono wa kulia, na kila wakimwomba awape anyonyeshwe anasema amemshika.