Stelingi Hafii Wote

Simu iliita Mutanu akiwa na kipande cha chapati mdomoni.

"Bibi harusi anavuka mto leo," ilisema sauti ya Mzee Githaiga, mkuu wake.

Mutanu alimeza haraka. "Amevaa rangi gani?"

"Nyeupe."

Yaani kazi iko, ni ya leo, na damu isimwagike.

Aliacha chai ikitoa mvuke kwenye hoteli ya Salim, katikati ya mji wa Kitui, akavuka barabara hadi kwenye Probox yake. Chini ya kiti kulikuwa na Glock 19. Kwenye dashibodi, redio ya Motorola ya mtandao. Kwa majirani zake Mutanu alikuwa mwanamke wa kuuza bima. Kwa Idara ya ujasusi aliitwa Sindano, na katika kanda nzima hapakuwa na jasusi aliyemfikia kwa kuingia mahali na kutoka bila kukumbukwa.

Simu iliita tena, safari hii ile ya siri.

"Fungua hapo mbele, pale unaweka makaratasi," Mzee alisema.

Alifungua. Ndani kulikuwa na diski ya Toshiba iliyofungwa utepe wa kijani. Hakushangaa. Mzee alikuwa na ufunguo wa gari lake.

"Leo saa tisa, pale mjini Wote, wanaonyesha filamu inaitwa Mto Hauuzwi. Unajua ni ya nani?"

"Ya Kivuva. Mtoto wa mama mdogo."

"Ndiyo maana nakutuma wewe. Kuna watu wa nje wameingiza mkono wao hapo, kijana wangu. Ikionyeshwa vile ilivyo, hao vijana watatoka ukumbini na petroli. Hiyo diski ni filamu ile ile, lakini sumu imetolewa. Badilisha tu. Kivuva hatashikwa, hatapigwa. Si unampenda?"

"Sana, Mzee."

"Basi muokoe."

Mutanu alikanyaga mafuta. Hakuuliza swali, na usimcheke. Githaiga ndiye aliyemtoa chuoni akamfanya mtu. Mamake alipozikwa kule Kikima, Mzee alivua koti, akashika koleo, akafukia kaburi pamoja na wanaume wa boma. Mtu wa aina hiyo, akikwambia ruka, unauliza maswali ukiwa hewani.

Wote ilikuwa na joto la kuudhi. Ukumbi ulikuwa nyuma ya soko, paa la mabati, madirisha na mlango vimezibwa kwa blanketi nzito ili mchana usiharibu picha. Nje, Fahima alikuwa akikaanga viazi karai huku akibishana na Mwalimu Mutisya, mstaafu mwenye kofia ya sufu hata kwenye jua lile.

"Hiyo filamu ni siasa tupu," Mutisya alisema.

"Siasa iko wapi, Mwalimu? Mimi niliiona Kitui wiki jana. Lori ya mchanga inalipuka, stelingi anatokea kwa moshi na koleo. Sasa hapo siasa ni gani?"

"Koleo ndiyo siasa yenyewe."

"Ai. Wewe ungekuwa umeiona ungejua shida yake. Maneno ni mengi na ngumi ni chache."

Waliosimama pale wakaangua kicheko. Magazeti ya Nairobi yalikuwa yameandika kurasa nzima. Wengine waliiita uchochezi, wengine sauti ya kizazi kipya. Hakuna aliyekuja kumuuliza Fahima. Lakini huku Ukambani filamu ina mahakama yake, na kesi ni fupi. Stelingi, yaani yule mhusika mkuu, anapiga vizuri? Anamwambia tajiri ukweli usoni? Anafika mwisho akiwa hai? Ukishindwa hapo, hata ulete tuzo za ng'ambo, utazomewa mpaka ufike Machakos.

"Sista."

Kivuva alikuja mbio, rasta zimefungwa kwa kamba ya kiatu, shati lina vumbi. Yeye ndiye aliyeiandika filamu, akaiongoza, na kwa kukosa mtu mwingine wa kurushwa kutoka darajani, akaicheza kama stelingi Kyalo. Alimkumbatia Mutanu mpaka mifupa ikalia.

"Umeacha bima zako ukaja? Sista, umenibeba leo." Alishusha sauti. "Kuna watu wananifuata tangu Kitui. Probably matajiri wa mchanga, hao wanaochota mto wetu. Nishikie hii, nisalimie wazee. Mpelekee Ndolo mkononi mwake. Nimeongeza picha mpya tangu ilipoonyeshwa Kitui, sitaki mtu mwingine aiguse."

Akampa diski. Ya Toshiba. Utepe wa kijani.

Hakuhitaji hata kuiba. Mutanu aliweka ile ya kweli ndani ya mkoba, akatoa ile ya Mzee, na moyo ukamchoma kidogo. Aliuambia unyamaze. Anamwokoa mtu wake, basi.

Ndolo alikuwa kwenye kijumba chake cha mbao nyuma ya ukumbi, jitu la mwili na maikrofoni. Kazi yake ilikuwa kusimulia filamu ikiendelea, kuwafasiria watu, kuwachokoza, kuwatusi maadui kwa niaba yao. Hakuwahi kuitazama filamu kabla. Alisema ukijua mwisho unakuwa mwongo.

"Imefika?" aliuliza.

"Imefika."

Akaichomeka.

Mutanu alirudi kwenye Probox. Kazi ilikuwa imekwisha, angewasha gari aende zake. Lakini alitaka kuona hiyo sumu aliyoitoa. Alitoa waya mfupi kwenye mkoba, akaunganisha diski ya kweli na simu yake ya Tecno, akaanza kuperuzi.

Mto. Vijana na makoleo. Ngumi, kweli, chache.

Kisha picha zilizochukuliwa kwa kamera ya kujificha. Uwanja wa malori huko Kambu. Malori halisi, namba halisi, mchanga wa magendo ukipakiwa. Katikati yao Prado nyeusi. Mlango ukafunguliwa, mtu akashuka, akapokea salamu za matajiri wa mchanga mmoja mmoja.

Mutanu alisimamisha picha, akaivuta karibu.

Mzee Githaiga.

Alikaa pale na simu mapajani. Hakuwa na hasira kwanza. Alikuwa na aibu, ile ya mtu aliyevuliwa nguo mbele ya watu. Halafu maumivu yakaja, yakakaa kifuani. Hapakuwa na watu wa nje. Hapakuwa na petroli. Kulikuwa na mwizi wa mchanga, na yeye Mutanu ndiye aliyemfutia nyayo.

Alipiga simu.

"Nimebadilisha," alisema. Sauti yake ilikuwa shwari. Hiyo ndiyo kazi.

"Safi sana. Sasa toka hapo."

"Nataka nione kidogo, Mzee. Ni filamu ya ndugu yangu."

"Ona kidogo basi. Lakini ikifika kwa daraja uwe nje. Umesikia? Na usikae karibu na Kivuva."

"Kwani kuna nini kwa daraja?"

"Milio ya bunduki ni mingi. Itakuumiza masikio."

Simu ikakatwa.

Milio ya bunduki. Kwenye filamu ya Kivuva hapakuwa na bunduki. Stelingi alitumia koleo.

Mutanu alielewa. Wameiongezea risasi ili risasi moja ya kweli isisikike.

Glock ikaenda kiunoni. Akanyakua Motorola akikimbia.

"Sindano kwa Gakenia. Uko wapi?"

Gakenia alikuwa mwenzake, mzoefu wa barabara ya Mombasa. "Kambu. Nimekaa tu. Mzee alisema nisisogee."

"Malori yanapita?"

"Kama siafu. Alisema leo nisisimamishe."

"Simamisha yote."

"Kwa amri ya nani?"

"Yangu. Na urekodi hii laini mpaka nikuambie uache. Waunganishe makao makuu."

Gakenia alivuta pumzi. "Nimekupata."

Ndani ya ukumbi giza lilikuwa zito. Watu walibanana kwenye mabenchi. Kivuva alikuwa safu ya mbele, mahali pa stelingi kwa haki. Kutoka mlangoni hadi kwake kulikuwa na ukuta wa magoti na mabega. Kwenye skrini, Kyalo alikuwa ameshafika darajani.

"Sasa Kyalo anawaambia," Ndolo alinguruma kwenye maikrofoni, "leo mchanga mtakula, hamtaubeba…"

Milio ikaanza. Pa-pa-pa-pa. Spika zikatetemeka. Kyalo, ambaye alikuwa Kivuva, ambaye kwenye filamu yake mwenyewe hakupigwa hata kofi la maana, kwa ujanja wa kompyuta alishika kifua, akapepesuka, akaanguka.

Ndolo alikwama. "Amepigwa… ngoja. Ngojeni, watu wangu. Kyalo amepigwa?"

Hapo ndipo aliyeikata ile filamu alikosea. Ofisini kwake Nairobi, mtu akifa kwenye sinema watazamaji hutulia wakameza mate. Hajawahi kuingia banda la Ukambani. Huku stelingi akianguka hakuna anayebaki ameketi. Mnasimama wote, wazee kwa watoto, wengine juu ya mabenchi, na mnamwita ainuke mpaka ainuke. Mutanu alikua akifanya hivyo kule Kikima.

Ukumbi mzima ukasimama kwa kishindo.

"Ukila, Kyalo! Ukila!" Yaani, kwa Kikamba, inuka.

Mwalimu Mutisya, aliyesema ni siasa tupu, alikuwa juu ya benchi akipunga kofia yake. Kivuva alimezwa katikati ya watu.

Na karibu na ukuta, mtu mmoja tu alibaki ameketi.

Koti la kijani. Mkono ndani ya koti. Alikuwa akinyoosha shingo kulia, kushoto, akitafuta kichwa chenye rasta, na mbele yake hakuona ila migongo.

Mutanu alipita juu ya mabenchi. Mtu yule alipogundua kwamba na yeye angepaswa kusimama, alikuwa amechelewa. Beretta yenye kizuia sauti ilichomoka nusu. Mutanu aliishika kwenye mtutu, akaisukuma juu, risasi ikatoboa bati. Kiwiko kikatua kooni. Goti likafuata. Yule bwana aliteremka kwenye sakafu na hakutaka tena mambo mengi.

"Taa," Mutanu alisema.

Ndolo akawasha. Watu waliona bastola, wakaona mtu chini, wakarudi nyuma. Wengine walikuwa bado na hasira na skrini.

"Filamu gani stelingi anakufa katikati?" mtu aliuliza. "Huu ni upuzi."

"Si yangu," Kivuva alisema. Alikuwa amekauka kama ubao. "Hiyo si filamu yangu. Nani ameigusa?"

Mutanu angeweza kunyamaza. Koti la kijani lilikuwa pale, lingebebeshwa na hilo pia.

"Ni mimi," alisema. Akatoa diski kwenye mkoba, akampa Ndolo. "Hii ndiyo yenyewe."

Hakumtazama Kivuva. Aliwaachia vijana wenye mikono mizito kazi ya kumlinda mfungwa, akatoka nje.

Prado nyeusi, ile ya kwenye picha, ilikuwa kwenye kituo cha mafuta mwisho wa soko, injini inanguruma. Mutanu alifungua mlango wa abiria, akaketi. Redio alikuwa ameiweka ndani ya mkoba, laini imeachwa wazi pande zote mbili kama simu.

Githaiga alimtazama, kisha akatazama barabara. Hapakuwa na moshi, hapakuwa na vijana wanaokimbia.

"Nilikuambia utoke," alisema kwa upole.

"Ulitaka wamuue."

"Nilitaka Wote iwake moto jioni moja, polisi wote waje huku, malori yapite. Kijana mmoja, Mutanu. Ningekutunza."

"Kwa nini mimi?"

"Kwani angempa nani mwingine hiyo diski?"

Ilimwingia mpaka kwenye mfupa. Alikuwa amejiandaa kwa uongo. Ukweli ulimuumiza zaidi.

"Mzee, ulimfukia mamangu kwa mikono yako."

"Na nilimlilia. Ile ilikuwa mapenzi. Hii ni kazi." Mkono wake wa kushoto ulishuka taratibu pembeni mwa kiti.

Wa Mutanu ulikuwa umetangulia. Bastola ya Mzee ilikuwa tayari mkononi mwake, na Glock ilikuwa ikigusa mbavu za Mzee.

"Gakenia, umesikia?"

"Yote," redio ilijibu kutoka mkobani. "Na makao makuu wamesikia. Malori yamesimama. Gari la polisi liko nyuma yenu."

Githaiga alifumba macho. Mutanu alichomoa ufunguo wa Prado, akashuka, akawakabidhi askari vyote. Mzee alimwita mara moja, "kijana wangu," kwa sauti ile ile ya siku zote. Aliendelea kutembea.

Alirudi ukumbini kwa sababu gari lake lilikuwa hapo. Ndani filamu ya kweli ilikuwa inaendelea, Ndolo akinguruma, watu wakimzomea mtu mwenye Prado. Kivuva alikuwa ameketi kwenye ngazi, peke yake.

"Wanasema umeniokoa," alisema.

Mutanu alisimama.

"Wakati nakupa diski, ulikuwa ushajua utaibadilisha?"

"Ndiyo."

"Kabla ujue mambo ya bunduki?"

"Kabla."

"Bima ni uongo pia?"

"Ni uongo. Kivuva, nilidhani nakuokoa."

"Kutoka kwa nini? Kwa filamu yangu?"

Mutanu alitamani kulia, na kazi hiyo hakufundishwa kuifanya mbele ya watu.

Kivuva aliinuka, akajipangusa vumbi. Alimnyooshea mkono kama anavyopewa mgeni wa serikali, na Mutanu akaushika.

"Asante, afisa," alisema, akaingia ndani, akarudisha blanketi mlangoni.

Mutanu alivaa miwani ya jua. Alitembea polepole hadi kwenye Probox, akaiwasha, akaingia barabara ya kwenda Kitui.