Maji Yaliyokatazwa

"Laki nane, mzee. Sishuki hata shilingi."

"Fundi, ukuta wenyewe haujakauka!"

"Mawe na waya, ukauke nini?"

Nilikuwa nimechoka hata hasira ilitoka kwa kujikokota. Tulisimama uani kwa tajiri, kando ya tanuri lake la matofali. Mto ulikuwa unakula ukingo wa upande wake, ndiyo maana akaniita. Nimeshinda kwenye kona ya mto, maji kiunoni, nikipanga mawe ya ukuta. Na nilimwambia wazi, mimi sina maneno ya pembeni: maji ukiyakataza huku, yatakwenda kula ng'ambo. Tuweke mawe pande zote mbili.

Akasema ng'ambo si kwake.

Ng'ambo kulikuwa na nyumba moja. Ya mjane, na kaburi la mumewe ubavuni.

Jua lilikuwa linazama. Tukasikia...

Bwuuum.

Ukingo wa ng'ambo umemeguka. Kisha harufu ikatufikia: udongo wa chini kabisa, ule usiowahi kuona jua.

"Hodi..." sauti ikasema nyuma yetu.

Mjane mwenyewe. Daraja liko mbali, na mtumbwi sikuuona. Nguo zake zilikuwa kavu. Lakini kila alipokanyaga, alama ya mguu ilijaa maji.

"Shikamoo, mama."

Akautazama ukuta. "Nani kajenga?"

Tajiri akanisonta kidole upesi kuliko anavyolipa.

"Mimi, mama. Kwa mikono yangu. Aliyeagiza ni huyu."

Mama akashusha pumzi. "Nimechoka, wanangu. Sina pa kulala."

"Si urudi kwako?" tajiri akanong'ona.

Nikatazama ng'ambo.

Nyumba haikuwepo. Kaburi halikuwepo. Mto ulikuwa umejichongea kona mpya, umetulia, kana kwamba unapita pale tangu zamani. Kwenye mzizi mmoja kulinasa nguo kama ile aliyojifunga mama. Ndani yake mlikuwa na kitu kizito, kinazungushwa na maji.

Tukageuka.

Bado amesimama. Chini ya nyayo zake uwanja wa tajiri ulikuwa unalainika... unamomonyoka... kimyakimya. Na mto uko kule, haujatugusa.

"Mlipe," nikamnong'oneza tajiri. "Yangu iache kwanza. Mlipe yeye."

"Nimlipe nini?"

Mama akanyoosha mkono.

"Kiwanja changu," akasema. "Na cha mume wangu."