Vidonge vya Shangazi Achola

Kila asubuhi kabla ya kwenda shuleni, Rachael alipaswa kumsaidia mama yake kuanika omena. Ndiyo kazi ya watoto wengi wa Usenge, kando ya ziwa. Mashua zikishafika, samaki wale wadogo humwagwa juu ya nyavu zilizotandazwa ufuoni, kisha hutawanywa kwa mkono ili jua liwapate wote. Mtoto wa miaka sita huiweza kazi hiyo. Rachael alikuwa na miaka kumi na miwili, na tangu mvua za masika ilikuwa imemshinda.

Vidole vyake viliamka vimekakamaa, vimevimba, vina joto. Magoti yalikataa kukunjika. Kufunga vifungo vya sare kulimchukua muda mrefu hata chai ikapoa. Kufikia saa nne viungo vililegea kidogo, na hapo ndipo balaa lilipoanzia, kwa maana majirani waliomwona akitembea mchana hawakuamini habari za asubuhi. Wakasema ni uvivu, tena uvivu unaochagua saa.

Seline, mama yake, alikuwa mjane mwenye kazi nyingi na subira kidogo. Hata yeye mikono ilimuuma kwa baridi ya alfajiri, kama wanawake wote wa ufuoni, na hakuna aliyebaki kitandani kwa sababu hiyo.

"Mikono inatuuma sisi sote," alimwambia binti yake. "Ukiitumia ndiyo inapata nafuu."

Jumapili zilikuwa mbaya zaidi. Waumini wa kanisa lao wakitoka ibadani hujipanga mstari nje, na kila anayetoka huwasalimia wote kwa mkono mpaka mwisho. Salamu ya mvuvi haina mchezo, inabana. Rachael akaanza kuchelewa ndani akijifanya anapanga vitabu vya nyimbo. Siku moja akatokea mlango wa nyuma, na kabla ya jioni Usenge yote ilijua kwamba binti wa Seline ana kiburi, hasalimu wakubwa. Seline aliona haya, akamgombeza mbele ya watu. Usiku wa siku hiyo alimkuta akiinua kikombe kwa viganja viwili, kama mtoto mchanga, machozi yakimtoka bila sauti. Kesho yake alimpeleka zahanati.

Malaria haikuonekana. Mhudumu alivibonyeza vile vidole, akatikisa kichwa, akawaandikia barua ya kwenda hospitali kubwa ya Kisumu. Huko alitolewa damu, wakaelezwa kuwa damu peke yake haitoshi kuleta jibu. Huenda ni baridi yabisi, ule ugonjwa wa viungo, na huenda ni kitu kingine. Ilibidi amwone daktari wa viungo vya watoto, anayekuja mara moja kwa mwezi, na orodha ilikuwa ndefu. Walipewa tarehe ya miezi mitatu mbele.

Miezi mitatu, jamani! Ugonjwa usio na jina ni mzigo mara mbili. Mwenye malaria husema ana malaria, watu wakampa pole. Rachael angesema nini? Mwalimu Wesonga alipomuuliza mbona mwandiko wake umeharibika, alijibu kwamba amelalia mkono vibaya. Alitoa jibu hilo hilo wiki nzima, mpaka mwalimu akachoka kuuliza.

Shule zilipofungwa, wiki mbili kabla ya siku ya daktari, alipelekwa kukaa Migosi, mtaa wa Kisumu, kwa shangazi Achola, dada ya marehemu baba yake. Shangazi alikuwa na roho nzuri, na kwa kila shida alikuwa na dawa. Kwa miaka kadhaa magoti yake yalimsumbua, naye alikuwa akinunua sokoni Kondele vidonge vyeusi vilivyofungwa kwenye karatasi ya nailoni, visivyo na jina wala maandishi. Muuzaji aliapa kuwa ni mizizi mitupu. Alipomwona mtoto akishuka ngazi kwa kukaa, kidato kimoja kimoja, huruma ilimshika akamgawia kimoja asubuhi, kimoja jioni.

Siku ya tatu Rachael aliamka akafunga vifungo vyote pasipo kufikiria. Alifua soksi zake akazikamua mpaka zikaacha kudondoka. Alicheka peke yake bafuni, kwa furaha aliyokuwa ameisahau.

"Usimwambie daktari," shangazi alimwonya. "Wakisikia umetumia dawa za nje wanakasirika, wanakurudisha mwisho wa orodha. Na mama yako pia usimwambie."

Siku ilipofika, Seline alitoka Usenge alfajiri akawakuta hospitalini. Shangazi akabaki nje. Daktari Waithira alikuwa mwanamke wa makamo, mwenye sauti ya chini. Alikunja magoti ya Rachael, akabonyeza kidole kimoja kimoja, akaisoma tena barua ya zahanati.

"Hapa hapaumi?"

"Hapaumi."

Daktari alisema haoni uvimbe wowote. Labda ni maambukizi yaliyojiishia yenyewe. Angelifunga faili, na shida ikirudi wangeanza upya. Seline alimshukuru Mungu kwa sauti, na Rachael alipomtazama mama yake akiwa na furaha kiasi hicho, alitamani yawe kweli. Lakini vidonge vilikuwa vimebaki vinne. Vikiisha, angerudi ufuoni na mikono ile ile, na sasa kila mtu angesema hata daktari hakuona kitu. Akisema, atamwaibisha shangazi. Kalamu ya daktari ilikuwa tayari juu ya karatasi.

"Daktari, kuna vidonge ninakunywa," alisema. "Nimepewa na shangazi. Kabla ya hivyo nilikuwa siwezi kushika kalamu."

Seline aligeuka amwakie. Daktari akamzuia kwa kiganja, akauliza ni siku ngapi, vingapi, vina rangi gani.

"Sijui ndani mna nini, na huenda hata aliyeviuza hajui," alisema. "Vingine huchanganywa na dawa kali inayozima uvimbe. Uvimbe unalala, ila ugonjwa haulali, unaendelea kula viungo. Ungenyamaza, ungerudi mwakani vidole vimepinda."

Hata hivyo, siku hiyo hakuweza kuwapa jibu. Aliwaeleza namna ya kuacha vidonge, akampa dawa nyepesi ya maumivu na tarehe ya wiki nne baadaye. Kila asubuhi iandikwe ni viungo gani vimekakamaa, na kwa muda gani.

Wiki hizo zilikuwa chungu. Maumivu yalirudi kwa hasira, safari hii na kwenye taya pia. Kwa kuwa mtoto hakuweza kuandika, Seline ndiye aliyeandika. Alimkanda mikono kwa maji ya uvuguvugu kwanza, omena baadaye, na wanunuzi waliponung'unika aliwaacha wanung'unike. Asubuhi ya tisa aliandika kwamba hadi saa mbili Rachael alikuwa hawezi kushika kijiko. Aliyasoma maneno yake mwenyewe, akaweka kalamu chini akalia.

Waliporudi, uvimbe ulionekana wazi. Daktari alisoma maandishi yote, akatazama picha za eksirei na majibu ya damu, akasema ni baridi yabisi ya watoto. Haitokani na baridi ya ziwa. Haitapona kwa wiki wala kwa mwezi, lakini dawa yake ipo, na viungo bado havijaharibika. Shangazi Achola, aliyekuwa amekuja nao, alifungua mkoba akaweka vidonge vyake mezani kabla hajaulizwa.

Nje, Seline alikaa kwenye benchi kando ya binti yake.

"Daktari ameuona ugonjwa kwa sababu ulimwambia ukweli," alisema. "Anayekutibu usimfiche kitu, hata kikiwa cha aibu. Lakini mimi uliniambia ukweli kila asubuhi, nikakuita mvivu. Mtoto akisema anaumwa, mkubwa anyamaze asikilize. Nisamehe, nyathina, mwanangu."

Rachael aliiweka mikono yake kwenye mapaja ya mama yake.

"Mikono bado inauma, Mama," alisema.

"Najua," alisema Seline.