Biskuti za Mama Ludmila

Ijumaa za Kwaresima, sisi watu wa bonde la mto Monongahela hujazana kwenye kumbi za makanisa kula samaki wa kukaanga, waumini na wasio waumini. Humo ndimo Corinne Tibbs alimokanyagwa mguu na baharia mrefu mwenye ndevu nyekundu, koti lake likinuka dizeli.

"Samahani, dada. Viatu hivi vimezoea matishari."

"Na mguu huu umezoea heshima."

Emil Hrabovsky akacheka, akamwekea samaki wake kwenye sahani. Kumbe walikuwa wakionana kwa mbali siku zote. Emil alikuwa mfunga kamba kwenye meli inayosukuma matishari ya makaa ya mawe. Corinne alifungua na kufunga milango pale bwawani, ambapo meli huingia kwenye chumba cha zege, maji yakapunguzwa, nayo ikashuka hadi usawa wa mto wa chini.

Mapenzi yakakolea upesi. Emil alikaa wiki nne majini na mbili nyumbani, na simu hazikupoa.

"Malkia wa milango, umekula?"

"Nimekula, laazizi. Wewe umeoga?"

"Ah! Unaninusa mpaka kwenye simu?"

Oktoba, Emil akiwa kazini, Corinne alikwenda kumjulia hali mama yake Emil, Mama Ludmila, aliyeishi nyuma ya kiwanda cha chuma kilichofungwa zamani. Akatumwa barafu kwenye friza. Alipoifungua alikuta biskuti tupu, makopo kwa makopo: za jamu, za lozi, za sukari ya unga. Huku kwetu hakuna asiyejua maana yake. Harusi bila meza ya biskuti si harusi, na akina mama huanza kuoka mapema.

"Mama, nani anaoa?"

Mama Ludmila akageuza uso. "Mambo ya familia, mwanangu. Usimwambie Emil kama umeona."

Emil ndiye aliyekuwa mtoto wake pekee, na Corinne hakuwa ameulizwa neno wala kuvishwa pete. Alirudi kwake akalia mpaka kichwa kikamuuma. Simu za Emil hakuzipokea tena.

Lakini dereva wa lori unaweza kumkwepa. Baharia utamkwepaje, na kazi yako ni kumfungulia njia? Siku ya tano meli ikaingia chumbani. Corinne alisimama ukingoni na koti lake la manjano, kitambaa chekundu kichwani, macho yamevimba.

"Nimekukosea nini, mpenzi?"

"Kamuulize bibi harusi wako."

Akayaachia maji. Emil akaanza kushuka, kamba mkononi.

"Bibi harusi gani?"

"Friza imejaa biskuti, Emil! Unanifanya mtoto?"

Emil alipojibu, alikuwa ameshashuka chini ya miguu ya Corinne, ameinua uso.

"Zile ni zako, Corinne. Mama ana saratani. Anaoka sasa, mikono ingali na nguvu, maana anaogopa hataiona siku yetu. Alinikataza kukwambia. Alisema utanikubali kwa huruma tu."

Treni ya makaa ikapita kando ya mto, behewa baada ya behewa, na hapakuwa na la kusikika. Walitazamana tu. Corinne alilia waziwazi, wala hakujifuta. Treni ilipokwisha, milango ilipaswa kufunguliwa. Hakuigusa.

"We binti, fungua!" kapteni akafoka.

"Sifungui mpaka aniulize."

Emil akavua kofia. "Corinne, utakubali nikuoe?"

"Nakubali. Haya, panda ngazi. Jioni tunakwenda kwa mama."

"Nimebakiza wiki tatu za kazi."

Kapteni alikohoa. "Panda, bwana. Mama yangu alizikwa mimi niko majini. Nitamwamsha mwenzako ashike kamba."

Zamu ya Corinne ilipoisha, wakaenda. Mama Ludmila alikuwa amejilaza kwenye kochi, shali mabegani, amekonda kuliko juma lililopita. Aliitazama mikono yao iliyoshikana.

"Amekwambia."

"Ameniambia, Mama."

"Basi umekuja kwa huruma. Nilijua."

Corinne akapiga magoti kando ya kochi, akamshika kiganja.

"Wewe nakuhurumia, Mama. Yeye nampenda."