Siku Gredi ya Sita Ilipoganda

Kila asubuhi Janeffer alisuuza vikombe, akamfunga ndama, kisha akapanda na simu ya mama yake hadi ukingoni mwa shamba la majani chai. Hapo ndipo mtandao ulipokaa. Kwingine kote nyumbani kwao, karibu na Kapsoit, mtandao ulipita tu kama mgeni mwenye haraka. Janeffer aliketi juu ya ndoo iliyopinduliwa, akaegemeza simu kwenye jiwe, akangoja shule ije.

Shule ilikuja simuni kwa sababu mvua ya mawe ilikuwa imetoboa mabati ya Gredi ya Sita, darasa likafanana na chujio. Mpaka mabati mapya yapigwe, Mwalimu Kiptum angefundisha kwa simu ya video. Naye alifundisha vilevile kama darasani: alifungua kitabu, akasoma, akageuza ukurasa, akasoma tena.

Taabu ni kwamba pale ukingoni palikuwa pazuri mno. Ukungu ulishuka polepole ukalala juu ya chai, na vichwa vya wachumaji vikaelea juu yake kana kwamba havikuwa na miili. Sauti ya Mwalimu ikawa kama mvua ya mbali. Janeffer naye akaelea. Alijiona akitembea juu ya ukungu, miguu mitupu, mpaka Kericho mjini, bila kukanyaga tope hata kidogo.

"Janeffer! Nusu gawanya kwa robo ni ngapi?"

Alirudi duniani kwa kishindo. Nusu yenyewe ni kidogo. Ukiigawanya si inakuwa kidogo zaidi? Hakujua. Basi akaacha mdomo wazi, jicho moja likiwa limefumba nusu, akatulia tuli.

"Janeffer? Ah, ameganda," Mwalimu akasema kwa huruma. "Mtandao huu! Haya, Clifford."

Clifford alikuwa mwepesi wa kujifunza, ingawa si hesabu. Akaganda papo hapo, kidole kikiwa puani.

Siku chache baadaye, kila swali lilipoulizwa, simu ilijaa sanamu. Ni Amondi peke yake ambaye hakuwahi kuganda. Alikuwa ameteleza kwenye matope akavunjika mguu, na sasa alishinda ndani, mguu uliofungwa plasta ngumu ukiwa juu ya kiti. Alijibu alichojua, na alipokosea alikosea kwa sauti kubwa.

Alhamisi Mwalimu alifunga kitabu mapema. "Kesho mtandao ukiwa hivi, nitasimamisha masomo mpaka mabati yapatikane. Siwezi kufundisha picha."

Jioni hiyo Amondi alipiga simu. "Wewe Janeffer, umefurahi sasa?"

"Kwani nimefanya nini?"

"Usiniletee! Juzi uliganda, lakini kuku alipita nyuma yako akitembea vizuri kabisa. Huo mtandao unagandisha watu na kuacha kuku?"

Janeffer alicheka. Amondi hakucheka.

"Masomo yakiisha, nyinyi mtaenda kucheza. Mimi je? Niongee na plasta?"

Janeffer aliacha kucheka.

Ijumaa ukungu ulikuwa mzito hata chai yenyewe haikuonekana. Janeffer alikuwa ameamua kusema kweli. Lakini Mwalimu alipoita jina lake, mazoea yalimtangulia: mdomo wazi, jicho nusu, tuli. Wakati huohuo ndama, aliyekuwa amefungua kamba yake, alitokea ukunguni na kuanza kumlamba sikio. Janeffer alivumilia.

"Wewe Janeffer!" nyanya yake, aliyemwita Kogo, alipiga kelele kutoka jikoni. "Ndama anakula sikio na wewe umekaa tu kama kigingi?"

Gredi ya Sita yote ilipasuka kwa kicheko. Mwalimu akainua macho kutoka kitabuni. Watoto wakaganda tena.

"Nimesikia kelele na kicheko, kisha vyote vimekatika," Mwalimu alisema kwa uchovu. "Basi. Nimeshindwa. Leo ndio mwisho."

Alinyoosha mkono azime simu. Kwenye kijidirisha chake, Amondi aliinamisha uso.

"Mwalimu, ngoja!" Janeffer aliruka, ndoo ikaanguka. "Mtandao uko sawa. Nilikuwa najigandisha. Mimi ndiye niliyeanza."

"Kwa nini?"

"Kwa sababu sielewi. Darasani ungeona uso wangu, ungechora ubaoni. Hapa unasoma tu, na sisi... tunaelea."

Mwalimu hakujibu. Hakupepesa hata jicho. Janeffer akaogopa: sasa mtandao umemgandisha kweli? Kisha akaona mvuke ukipanda taratibu kutoka kwenye kikombe cha chai mbele ya Mwalimu. Hakuwa ameganda. Alikuwa akifikiri.

"Clifford," alisema hatimaye, "toa kidole puani. Nakuona."

Walicheka wote, naye akacheka.

"Nami nina kosa langu. Nilichukua darasa zima nikalisukuma ndani ya simu bila kulibadilisha, kama mtu anayeingiza ng'ombe kwenye kibanda cha kuku. Haya, nendeni jikoni. Kila mtu alete kiazi. Mkubwa awakatie nusu, kisha nusu hiyo aikate vipande vya robo. Mnapata robo ngapi?"

"Mbili!" Amondi alikuwa wa kwanza.

Janeffer, aliyerudi mbio kutoka jikoni, aliangalia vipande viwili kiganjani mwake. Kumbe swali lilikuwa hilo tu: robo ngapi zinakaa ndani ya nusu! Ukungu ukaanza kufunguka, na kijani cha chai kikarudi mstari kwa mstari.

"Kuanzia Jumatatu nitawatumia maelezo mafupi kwa sauti jioni, na asubuhi tutafanya kwa mikono na kuulizana," alisema Mwalimu. "Lakini shikeni hili. Darasani nawasoma nyuso. Kwenye simu, msiponiambia kweli, sina njia ya kujua. Kusema 'sijaelewa' si aibu. Anayejifanya ameganda anajinyima masomo, na anamnyima mwenzake pia."

Amondi alitabasamu mpaka meno yote yakaonekana.

"Haya Janeffer, hesabu tena. Una robo ngapi?"

Janeffer alitazama kiganja. Karibu na bega lake, ndama alikuwa akitafuna.

"Moja, Mwalimu," alisema. "Na leo usilaumu mtandao."