"Kama" ya Bwana Amram

Kila siku baada ya shule, Ariane alipitia kwenye fleti aliyofanyia kazi mama yake, kaskazini mwa Toronto. Mama Pulchérie aliwahudumia wazee wawili, Wayahudi kutoka Moroko: Bwana Amram na mkewe Bi Solika. Wote walijua Kifaransa, kwa hiyo maongezi hayakuwa tabu.

Tabu ilikuwa Bwana Amram. Mkewe hakuweza kumaliza kisa hata kimoja. Akisema walifika Kanada theluji ikianguka, mumewe alidakia kwamba ilikuwa mvua. Ariane alimchoka kabisa mzee huyo.

Septemba ile ya 2012, Bi Solika naye alichoka. Alinyamaza siku nne, kisha akamwomba Mama Pulchérie amfungie sanduku. Sikukuu ikiisha, angehamia kwa binti yao Montreal.

Sikukuu yenyewe ni Siku ya Upatanisho, Wayahudi wanapofunga na kumwomba Mungu msamaha. Lakini ukimkosea mwenzako, ni lazima kwanza umwombe yeye radhi. Basi alasiri ya mkesha, Bwana Amram alisimama mbele ya mkewe akatamka harakaharaka, "Kama nimekukosea, nisamehe."

"Kama?" Bi Solika aliuliza, akageukia dirishani.

Mzee akarudia maneno yaleyale, akamkumbusha kwamba desturi ni kuomba mara tatu tu, na hiyo ilikuwa ya pili. Ariane nusura amtupie mto. Hata katika kuomba radhi alikuwa akisahihisha watu.

Ndipo Bwana Amram alipoliona sanduku mlangoni. Akaketi.

"Solika, nimekukatiza maneno miaka hamsini. Nimekuaibisha mbele ya watu. Nisamehe."

Bi Solika aligeuka kutoka dirishani. Akaanza kumsimulia Ariane habari za harusi yao, kwamba walioana siku ya Jumanne. Bwana Amram akafungua mdomo. Akaufunga. Alizishika ndevu zake kwa mikono miwili mpaka kisa kikaisha.

"Ilikuwa Jumatano, najua," Bi Solika akasema, na kwa mara ya kwanza wiki ile akacheka. Akamwomba Mama Pulchérie alifungue sanduku. Kisha akamgeukia Ariane. "Tabia mbaya haiishi kwa kuomba radhi tu, binti yangu. Inaisha siku unapopata nafasi ya kuirudia, ukajizuia."

Jioni, ndani ya basi, Mama Pulchérie alimwuliza dereva jina la kituo kwa Kiingereza chake cha kuungaunga. Ariane, ambaye kila mara humsahihisha mbele za watu, akafungua mdomo. Akaufunga.

"Leo umeniacha nimalize," mama yake akasema, akamshika mkono.